Mwali wa Chini ya Bahari

Juzi, mtaa wa nyuma hapa Mtwara, binti mmoja aliyehamia kutoka kwetu alikuwa akisaga msiro uani. Nilikuwa napita zangu na kapu la ndizi, wala sikumwona. Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Msiro ni mti. Unakisugua kipande chake juu ya jiwe lenye maji mpaka utoke uji mweupe, na wanawake wa kwetu huupaka usoni. Watu wa ng'ambo hii ya mpaka wana liwa yao, na anayetaka ubishi juu ya kipi ni bora nitampa, ila leo sina nafasi. Nilisimama pale nikinusa ule mti ulioloa, nikajiona mtoto tena, nimejikunja kwenye kona ya kitanda cha shangazi Mwanahawa, natazama sinema ya Wafaransa ambayo hata wakubwa ilikuwa imewashinda.

Nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokua Palma wakati gesi inagunduliwa. Yaliyotufika baadaye wapo walioyaandika, na wengine wataendelea kuyaandika. Mimi leo naandika habari za harusi.

Mnazikumbuka siku zile. Helikopta zilipita asubuhi na kuku wakakimbilia chini ya vitanda. Kila mtu mzima alikuwa na la kusema juu ya gesi, hata wale ambao hawakuwa na la kusema juu ya jambo lolote. Baba alikuwa mfanyabiashara wa nguo, akienda Mtwara na kurudi, na kila akirudi alileta habari mpya kuliko vitenge. Alituambia kwamba gesi iko chini ya bahari, chini kabisa wanakoishia samaki, imekaa humo tangu dunia iumbwe, inangoja kuwashwa. Alitaka tuelewe, maskini. Mimi nilielewa kwa namna yangu. Gesi nilikuwa nimeiona kwenye jiko la mgahawa mmoja mpya, moto wa buluu usio na kuni wala moshi. Basi nikajua kwamba chini ya bahari yetu kuna moto wa buluu, na penye moto pana nyumba, na kwenye nyumba wamo watu. Sikuona haja ya kumwuliza mtu yeyote.

Shangazi Mwanahawa alikuwa kitinda mimba wa bibi, mdogo wake baba. Tulilala kitanda kimoja, yeye upande wa ukutani. Alikuwa na miguu ya baridi ambayo aliipasha moto kwenye mgongo wangu, nami nililalamika kila mara, ila akisafiri kwenda kwa ndugu zetu Macaloe sikupata usingizi bila ile miguu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka ukili na kula jicho la samaki bila kuogopa. Alipoposwa sikufurahi hata chembe, ingawa pilau ya posa niliila mpaka nikavimbiwa.

Mposaji aliitwa Sufiani. Alikuwa kijana wa Pundanhar, mpole, mrefu, na kazi yake ilikuwa udobi katika kambi ya watu wa gesi. Wanawake wa kwetu walimtania kwamba ni mtu wa porini aliyekuja pwani kufua nguo kwa kuwa ameona maji mengi. Baba alimpenda kwa sababu alikuwa haongei ovyo. Hilohilo ndilo lililomtia shangazi wasiwasi. Alikuwa amezungumza naye mara chache sokoni, na mazungumzo yenyewe yalikuwa ya sabuni. Alimkubali, lakini nilimsikia akimwambia mama kwamba wanaume wa kambini siku hizi wamebadilika, wanaoa haraka na kuhama haraka, na mtu usiyemsikia akisema neno utajuaje ana nini moyoni.

Akaingizwa ndani, akawa mwali. Somo wake alikuwa Bi Tumu, mwanamke mnene mcheshi aliyefunda nusu ya wanawake wa mtaa wetu, asiyekosea na asiyekubali kuwa amekosea. Kila asubuhi alimpaka shangazi msiro kuanzia paji la uso mpaka shingoni. Ukikauka, ngozi inakaza, na mwali hapaswi kucheka kwa sababu utapasuka na kazi yote imeharibika. Bi Tumu alikuwa wa kwanza kumchekesha, kisha akamgombeza kwa kucheka. Sauti ya mwali pia haisikiki nje. Akitaka kitu ananong'ona. Mimi ndiye niliyenong'onezwa. Nilimletea maji, nilimpepea, na hakuna aliyekumbuka kwamba mle ndani yalikuwa yakisemwa mambo yasiyo ya umri wangu. Nilipenda sana kusahauliwa.

Siku moja likaja begi la mwali, zile zawadi ambazo bwana harusi humpelekea bibi harusi. Kwetu begi halifunguliwi hivihivi. Somo anakaa katikati, wanawake wanamzunguka, kisha anatoa kitu kimoja kimoja, anakiinua, anakifunua, kinasifiwa kwa vigelegele au kinasutwa. Zikatoka kanga, zikasifiwa. Vikatoka viatu, vikasutwa kwa kuwa vikubwa, mama akasema huko Pundanhar wanapima miguu kwa macho. Ukatoka udi, yakatoka marashi. Chini kabisa Bi Tumu akakuta kasha bapa la plastiki. Ilikuwa filamu.

Juu ya kasha palikuwa na picha ya mwanamke. Alivaa gauni kubwa lililojaa mlango mzima, shanga za dhahabu mpaka kiunoni, maua kichwani, na uso wake ulikuwa mweupe pee kuanzia paji la uso mpaka shingoni.

Bi Tumu aliisogeza ile picha karibu na macho, kisha mbali, kisha akatangaza kwamba huyu ni mwali. Hakuna aliyembishia. Mtu mwenye macho angeona nini kingine? Mwanamke amepambwa, amepakwa msiro, ametulia, hacheki. Mama, ambaye alisoma mpaka darasa la saba kwa Kireno, aliyatazama maandishi akasema si Kireno, ni Kifaransa, kwa hiyo ni harusi ya Kifaransa. Bi Tumu akasema kitu cha begi hakirudi bila kufunuliwa. Kama ni kanga tunaikunjua, kama ni filamu tunaitazama. Nadhani alikuwa na hamu tu, lakini alilisema kama amri ya wazee, na hapo hapo mama akaenda kuileta televisheni ya baba na mashine yake. Dirisha likafunikwa kanga ingawa lilikuwa jua kali la mchana, mlango ukafungwa, na wanawake wakajibana kitandani na sakafuni wakila korosho.

Sijapata kuona uzuri wa namna ile, mpaka leo ninapoandika. Kulikuwa na msichana anashushwa ngazi za mawe zinazoingia baharini. Maji hayakumlowesha. Chini kule palikuwa na jumba refu kuliko msikiti wowote niliopata kuuona, na kando ya kila nguzo ulikuwa unawaka moto ndani ya maji, na moto wenyewe ulikuwa wa buluu. Nilishika mdomo nisipige kelele. Kumbe baba alikuwa akisema kweli tupu. Waliichimba, wakaikuta, na Wafaransa wakaja na kamera kuipiga picha.

Wakubwa hawakuuona moto. Wao walikuwa na msiro. Kila aliyetokea kwenye lile jumba, wanawake kwa wanaume, alikuwa na uso mweupe, na Bi Tumu aliwakagua mmoja mmoja. Huyu amepakwa nene mno. Huyu shingo imeachwa. Wanaume wale aliwasamehe kwa kuwa ni wageni wa mila. Yule bibi harusi alipolia, machozi yakashuka meusi na kuacha mifereji mashavuni, na Bi Tumu akapiga paja kwa masikitiko. "Haukukauka huo. Mtoto wa watu hana somo," alisema, na wanawake wote wakamhurumia yule msichana kwa jambo hilo kuliko yote yaliyompata baadaye.

Maana yalimpata mengi. Mfalme wa mle ndani alificha uso kwa kinyago cha makombe ya baharini, na alipovua glavu mkono wake ulikuwa na magamba. Alikunywa kitu chekundu kwenye bakuli la kioo, ukazuka mjadala kama ni damu au ni sharubati. Mama alikuwa akitafsiri. Alisema hiki ni Kireno kilichopata mafua, kwa hiyo anakishika sehemu sehemu, na alichokishika hakikufanana hata kidogo na tulichokiona. Mfalme na bibi harusi walipoanza kusogeleana, mama aliacha kutafsiri akanifunika kichwa kwa kanga. Nilibaki mle ndani nikiuona ule moto wa buluu ukipenya kwenye nyuzi, huku wanawake wakiwa kimya kuliko nilivyopata kuwasikia.

Kanga ilipoondolewa, mambo yalikuwa yameharibika. Bibi harusi alikuwa amekimbilia ukumbi wenye mapazia marefu ya hariri, mekundu, ya kijani, ya zambarau, na yale mapazia yalikuwa yakipumua. Akalishika moja. Likafumbua macho. Walikuwa wake wa mfalme waliotangulia, kila mmoja amegeuzwa pazia. Jirani mmoja akasoma kisomo cha kufukuza mashetani. Bibi harusi akarudi nyuma mpaka akagusa mlango mdogo wa chuma, na mfalme akaja taratibu, akauweka mkono wake wa magamba kwenye kinyago, akaanza kukivua.

Televisheni ikazima.

"Energia imekwenda," mama alisema gizani, kama vile sisi wengine hatukujua.

Tulikaa kungoja, umeme haukurudi. Bi Tumu akafungua dirisha na kuanza kueleza mwisho, kwa kuwa hakuweza kukaa na kitu kisichokuwa na mwisho. Alisema mfalme atavua kinyago na atakuwa kijana mzuri, watazaa, basi. Jirani akasema hapana, yule anakwenda kuwa pazia kama wenziwe, mbona iko wazi. Wakabishana mpaka adhana ya alasiri ikawatawanya, wamefurahi kabisa, korosho zimekwisha.

Aliyebaki hana furaha alikuwa shangazi. Alikaa na uso wake mweupe uliokaza, akaniomba nimwite mama. Nilidhani anataka maji. Alimwambia mama kwa sauti ileile ya kunong'ona, "Wifi, mwambie kaka asimamishe. Mwanamume haniambii neno, halafu akiniletea neno ananiletea hili. Siingii nyumba nisiyojua inaishaje."

Mama alijaribu kucheka, akaona si jambo la kuchekwa. Siku zilikuwa zimepangwa, mchele umekwishaletwa, ndugu wa Macaloe wamekwishaalikwa. Lakini shangazi alipokataa kitu alikikataa kweli. Mama akatoka na kichwa chini. Mimi niliyekuwa nimeomba kwa siri ile harusi ivunjike sikufurahi, kwa sababu nilikuwa nimeelewa jambo zito zaidi ya kuvunjika kwa harusi. Sufiani alikuwa mtu wa kambini. Watu wa kambini ndio waliofungua njia ya kule chini. Mfalme alikuwa amemaliza wake zake, na amemtuma dobi wake amtafutie mwingine. Nililala nimemkumbatia shangazi shingoni kwa nguvu mpaka akaniambia nitamnyonga.

Asubuhi Sufiani alikuja na mjomba wake, mzee wa Pundanhar aliyesafiri kwa pikipiki kwenye ile barabara yao mbovu na kufika akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Walikuja kwa ajili ya maandalizi, hawakujua lolote. Baba aliwakaribisha barazani, wakaletewa chai na mihogo. Nyuma ya pazia la mlango wa chumba alikuwa shangazi, na mbele ya lile pazia alikaa Bi Tumu, amelijaza. Kwetu huwezi kumwambia mtu usoni kwamba binti hakutaki. Unazunguka. Baba akauliza hali ya mihogo ya Pundanhar. Bi Tumu akauliza hali ya nguruwe wanaoila mihogo. Mama akamwaga chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Yule mzee, ambaye hakuwa mjinga, akaanza kuwatazama mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa nikimtazama Sufiani miguu. Alivaa buti za kambini, na kwenye buti kulikuwa na tope jeupe lililokauka, lenye vipande vya kombe. Nikajua ametoka huko huko, chini. Nikasimama mbele yake.

"Mjomba," nilisema, "shangazi ukimpeleka chini ya bahari, atakuwa pazia la rangi gani?"

Baba akalitaja jina langu polepole, jambo lililokuwa baya kuliko kulitaja kwa ukali. Mzee wa Pundanhar akaweka kikombe chini. Sufiani hakucheka wala hakukasirika. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akaniuliza bahari gani. Nikamweleza yote: moto wa buluu, mfalme, magamba, wake wanaopumua, mlango wa chuma, na kwamba tumekwishajua kila kitu kwa hiyo asijaribu kutudanganya. Nilipomaliza, baba ndiye aliyekuwa amekodoa macho kuliko wote. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anasikia televisheni yake ilikuwa ikifanya kazi gani.

Sufiani alijipangusa jasho. Akaanza kusema, na nadhani yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyopata kuyasema mbele ya watu. Alisema kuna Mfaransa kambini, injinia, ambaye yeye humfulia mashati. Wote wawili Kireno chao ni cha kuombea maji. Siku moja alimwonyesha kwa vidole na kwa maneno kwamba anaoa, "casamento, casamento", na yule mzungu akafurahi mno, akamshika mabega, akakimbilia chumbani kwake kumletea filamu. Aliigonga kifuani kama mtu anayetoa kitu anachokipenda. Yeye hakujua ndani mna nini.

"Nilimwona yule dada juu ya kasha kapakwa msiro," alisema. Hakuwa akisema nami tena. Alikuwa akiliangalia pazia juu ya kichwa cha Bi Tumu. "Nikasema kumbe hata kwao mwali anapakwa. Mwanahawa yuko ndani peke yake, atachoka. Nikaona nimpelekee mwali mwenziwe."

Nyuma ya pazia kikasikika kicheko.

Kilianza kidogo, kama mtu anayezuia kikohozi, kisha kikamshinda. Mwali hacheki, na hata akicheka hasikiki na wanaume barazani, tena mbele ya mjomba wa mume. Bi Tumu alianza kukohoa kwa nguvu ili kukifunika, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, halafu naye akaanza kucheka, kwa kuwa alikuwa amekumbuka ni nani aliyetangaza wa kwanza kwamba yule ni mwali. Mama akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilimtazama Sufiani nikaona masikio yake yamekuwa mekundu, nikampenda ghafla, bila kujua kwa nini.

Kisha shangazi akafanya jambo ambalo wanawake wa mtaa walilizungumza msimu mzima. Alisema kwa sauti yake kamili, kutokea ndani.

"Muulizeni inaishaje."

Mzee wa Pundanhar akatazama paa.

"Mwisho sijauona," Sufiani alisema. "Hata mwanzo sijauona. Sina televisheni. Nilidhani tutaitazama wote, tukishaoana."

Pazia lilitikisika kidogo. Nilikuwa nimekaa karibu, nikapenyeza kichwa chini yake. Shangazi alikuwa amesimama pale pale, karibu kabisa, na msiro ulikuwa umepasuka uso mzima, kwenye mashavu, pembeni mwa macho, mpaka vipande vinadondoka kwenye kifua cha kanga. Hakunitazama.

"Basi isitazamwe bila mimi," alisema.

Mama alipiga kigelegele mpaka kuku wa jirani wakakimbia, wakidhani ni helikopta. Mzee wa Pundanhar akaomba chai nyingine, akaanza kusema juu ya mchele kana kwamba hakuna lililotokea, na baba akamshukuru kwa macho. Harusi ilikuwa siku iliyopangwa. Ndugu wa Macaloe walikuja na samaki wa kutosha mtaa mzima. Nilivaa gauni la manjano, nikacheza mpaka viatu vikakatika, na jioni ilipofika nililia kwa sauti kubwa kuliko bibi harusi mwenyewe, kwa kuwa kitanda kilikuwa kikubwa na mgongo wangu ulikuwa mkavu na wa moto. Nililia siku nyingi. Lakini niliposhinda kwao kwa mara ya kwanza nilikagua madirisha yote, nikakuta yana mapazia ya kitenge cha dukani kwa baba, yasiyopumua, nikaridhika.

Siku hizi wanaishi hapa Mtwara, si mbali nami. Nilipotoka kule kwenye harufu ya msiro sikwenda nyumbani, nilikwenda kwao na ndizi zangu. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mjomba Sufiani alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, anakoroma, na kwenye televisheni yule msichana alikuwa amesimama juu ya ngazi za mawe, picha imesimamishwa.

Shangazi aliniambia ndivyo ilivyo miaka yote hii. Kila wakiiweka, mjomba hafiki kwenye jumba. Msichana akianza tu kushuka ngazi, yeye amekwishalala. Naye shangazi huisimamisha hapo, kwa sababu kama haitazamwi bila yeye, basi haitazamwi bila mumewe pia. Hajauona ule mlango wa chuma tangu siku ile umeme ulipokatika. Nilimwuliza kama hatamani kujua kama yule mwali alipona au naye aligeuzwa pazia.

Alimsogezea mumewe mto chini ya kichwa, akaketi pembeni ya mkeka, akaingiza miguu yake ya baridi chini ya mgongo wa yule mwanamume, ambaye alishtuka, akaguna, akaendelea kulala.

"Ya yule siijui," alisema. "Yangu ndiyo hii."